Kabla ya Pluto ilikuwepo Ceres, na ndo maana ile kura ya Prague bado inanikera

Kila mtu anaililia Pluto. Ikifika Agosti 24, tarehe ambayo mwaka 2006 wataalamu walipiga kura kule Prague Pluto isihesabiwe tena sayari, lazima ukutane na mtu mtandaoni kaandika "kwangu mimi bado ni sayari ya tisa", na namuelewa kabisa manake tuliosoma zamani vitabu vyetu vilikuwa na sayari tisa zimechorwa kwa mstari, Pluto ndo kale kadoa ka mwisho pembeni kabisa mwa ukurasa. Lakini huwa nasikitika kwamba hakuna anayeikumbuka Ceres, ile dunia ndogo iliyoko kati ya Mirihi na Mshtarii. Na ukitaka kuelewa huu ugomvi wa nini kiitwe sayari na nini kisiitwe, ukianzia kwa Pluto unaanzia katikati ya hadithi, anzia kwa Ceres, mana yenyewe yaliikuta yaleyale zaidi ya miaka 150 kabla.

Iko hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1700 wataalamu wa nyota wa Ulaya walikuwa na hesabu moja inawanyima usingizi, walikuwa wameona umbali wa sayari kutoka kwenye Jua unafuata mpangilio fulani wa namba, na ule mpangilio ulisema kati ya Mirihi na Mshtarii lazima kuwe na kitu, pale pana pengo kubwa mno. William Herschel alipoiona Uranusi mwaka 1781 na yenyewe ikaangukia karibu kabisa na pale namba zilipotaka, watu wakaamini moja kwa moja. Wakaunda kikundi cha kuisaka hiyo sayari iliyojificha, wakagawana anga vipande vipande, afu kabla kazi haijashika kasi padri mmoja kule Palermo, Sisili, Giuseppe Piazzi, usiku wa Januari 1, 1801, siku ya kwanza kabisa ya karne mpya, akaona nukta ambayo haimo kwenye orodha yake ya nyota. Kesho yake ile nukta imesogea. Nyota haisogei hivyo.

Piazzi akaifuatilia mpaka Februari akaugua, na ilipofika zamu ya wengine kuitafuta ilikuwa imeshaingia upande wa Jua, haionekani tena, na vipimo alivyoacha vilikuwa vichache mno kwa njia za hesabu za wakati ule. Aliyeiokoa ni kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akavichukua vile vipimo vichache akatengeneza njia mpya kabisa ya kukokotoa mzunguko, akasema tafuteni sehemu hii, na Desemba 31 mwaka uleule ikapatikana karibu kabisa na pale aliposema. Mimi nikifika hapa nasisimka kila nikisoma, mtu kakaa na karatasi na kalamu anaipata dunia nyingine iliyopotea angani.

Basi Ceres ikawa sayari, sayari kamili. Mwaka 1802 ikafuata Pallas, 1804 Juno, 1807 Vesta, zote zikaingizwa kwenye listi, kwahiyo ukifungua kitabu cha mwanzoni mwa miaka ya 1840 unaweza kukuta sayari 11, na Neptuni hapo haijaonekana bado! Kuna kizazi kizima cha watoto kilikariri sayari 11 kama sisi tulivyokariri tisa. Afu mwaka 1845 ikapatikana Astraea, 1847 zikapatikana tatu, zikaendelea kumiminika, miaka ya 1850 inaanza zimeshapita kumi na bado watu wanazikuta. Ikaonekana kwamba pale kati ya Mirihi na Mshtarii hapana sayari moja iliyojificha, pana mkanda mzima wa mawe, na Ceres ndo kubwa lao tu, kipenyo chake kama kilomita 940. Wakaacha kuzipa alama moja moja kama za sayari kubwa wakaanza kuzipa namba, Ceres ikawa namba 1.

Sasa angalia walivyofanya, manake hapa ndo hoja yangu ilipo. Hakuna mkutano ulioitishwa. Hakuna kura iliyopigwa. Na hawakusema kwamba zile sio sayari, walichofanya ni kuzitenga kwenye kundi lao, wakaziita asteroidi au sayari ndogo, yani maneno yote mawili yakatembea pamoja kwa miaka mingi sana na hakuna aliyeumia. Mpaka leo ofisi inayotunza kumbukumbu za hayo mawe duniani, iko Cambridge kule Massachusetts, jina lake rasmi ni Minor Planet Center, kituo cha sayari ndogo. Kwa hiyo kitu kilihama kundi bila kufukuzwa ukoo.

Haya, tuje kwa Pluto.

Pluto ilitafutwa na tajiri wa Boston, Percival Lowell, aliyejenga kituo chake cha kuangalia nyota Flagstaff, Arizona, na alikuwa anaamini kuna sayari kubwa nyuma ya Neptuni inayoivuruga Uranusi kwenye njia yake, akawa anaiita Sayari X, alitarajia kitu chenye uzito kama mara saba ya Dunia. Akafa 1916 hajaipata. Kazi ikaja kumaliziwa na kijana wa shamba kutoka Kansas, Clyde Tombaugh, hana digrii, darubini zake alikuwa anazitengeneza mwenyewe nyumbani, wakamuajiri kupiga picha za anga usiku baada ya usiku, afu unachukua picha mbili za sehemu ileile zilizopigwa siku tofauti unazilinganisha nukta kwa nukta, maelfu kwa maelfu ya nyota, unatafuta iliyosogea. Februari 18, 1930 akaiona, ana miaka 24 kama Gauss. Jina akalitoa binti wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, na watu wa Flagstaff wakalipenda zaidi kwa sababu herufi zake mbili za kwanza ni za Percival Lowell.

Tatizo likaanza mapema tu. Kila walipoipima upya Pluto inapungua. Kwanza walidhani labda ina uzito kama wa Dunia, baadaye wakasema moja ya kumi, baadaye chini ya hapo, mpaka mwaka 1978 James Christy alipogundua kwamba Pluto ina mwezi, Charon, na kitu kikishakuwa na mwezi unaweza kukipima uzito kwa uhakika, ndo ikajulikana kwamba Dunia ni nzito kuliko Pluto karibu mara 450. Mwezi wetu huu unaouona usiku una uzito zaidi ya mara tano ya Pluto! Kitu kidogo hivyo hakiwezi kuivuruga Uranusi hata kidogo. Na chombo cha Voyager 2 kilipopita Neptuni mwaka 1989 uzito wa Neptuni ukapatikana vizuri, hesabu zikarudiwa, na ule mvurugiko wote ukatoweka, haukuwepo kabisa, zilikuwa hesabu zimekosewa tangu mwanzo. Kwa maana hiyo Tombaugh hakuipata Pluto kwa sababu Lowell alikokotoa vizuri, aliipata kwa sababu alikuwa na macho na uvumilivu, na kwangu hilo linamuongezea heshima sana.

Afu ikaja 1992. David Jewitt na Jane Luu, baada ya kusaka kama miaka mitano na watu wengi hawaamini kama watapata kitu, wakiwa Mauna Kea kule Hawaii wakaona kitu kingine kidogo nyuma ya Neptuni. Baada ya hapo ikawa ni ileile hadithi ya Astraea, mmoja, wawili, kumi, mamia. Pluto ikajikuta iko ndani ya mkanda, Ukanda wa Kuiper, na mwaka 2005 Mike Brown na wenzake Chad Trujillo na David Rabinowitz wakatangaza kitu ambacho mwanzoni kilionekana kuwa kikubwa kuliko Pluto, kikaja kuitwa Eris. Leo tunajua kipenyo cha Eris ni kilomita 2,326 na cha Pluto ni 2,377, kwahiyo Pluto ni pana kidogo, ila Eris ni nzito zaidi, kwa asilimia 27 hivi. Hapo hakuna pa kukwepea tena, ama Eris ni sayari ya kumi na nyuma yake kuna foleni, ama Pluto yenyewe iangaliwe upya.

Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, IAU, ukawa na mkutano wake mkuu Prague. Kamati ikaja na pendekezo la kwanza, sayari ni kitu kinachozunguka Jua na kina uzito wa kutosha mvutano wake wenyewe ukifanye kiwe mviringo, basi. Kwa kanuni hiyo sayari zingekuwa 12, Ceres inarudi, Charon inaingia, Eris inaingia. Nikiwaza kwamba Ceres ilikuwa wiki moja tu kurudi nyumbani! Lakini wale wataalamu wa mizunguko wakapinga, wakiwemo wawili wa Uruguay, Julio Fernández na Gonzalo Tancredi, wakasema umbo pekee halitoshi, lazima uangalie kitu kinafanya nini kwenye njia yake. Zikatoka zile sharti tatu ambazo sasa ziko kila mahali: kizunguke Jua, kiwe mviringo kwa mvutano wake, na kiwe kimesafisha njia yake. Pluto na Ceres na Eris zimeanguka kwenye la tatu, zikapewa jina la sayari kibete.

Hilo sharti la tatu watu wanalisema vibaya sana na mimi nitalitetea. Utasikia mtu anasema mbona hata Dunia haijasafisha njia yake kuna mawe yanakatiza, mbona Mshtarii ina maelfu ya mawe yanatembea nayo kwenye njia moja. Ndio yapo, lakini kusafisha maana yake sio kufagia mpaka jiwe la mwisho, maana yake ni kutawala, kwamba uzito wako na uzito wa vitu vingine vyote kwenye njia yako havilingani hata kwa mbali, na hivyo vilivyobaki unaviendesha wewe. Steven Soter alipiga hizo hesabu mwaka huohuo 2006. Dunia ni nzito kuliko vitu vingine vyote vya njia yake ukivijumlisha kama mara milioni 1.7. Neptuni ni mara elfu 24 hivi. Ceres? Kama 0.33. Pluto? Kama 0.07. Hakuna aliyeko katikati, kutoka maelfu unaanguka moja kwa moja mpaka chini ya moja, na mtu akikuambia huo mpaka umebuniwa na watu wachache kwenye ukumbi muonyeshe hizo namba. Hata mzunguko wa Pluto unapangiwa na Neptuni, Neptuni ikizunguka Jua mara tatu Pluto inazunguka mara mbili, haikosei, na ndo sababu hazigongani japo njia zao zinapishana na Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni kuanzia 1979 mpaka 1999.

Kwahiyo kwamba Pluto ni ya kundi lingine tofauti na zile nane, nakubali, sina ubishi kabisa.

Kinachonikera ni kura ya pili. Watu wengi hawajui kwamba siku ile kulikuwa na azimio lingine, lilikuwa linaomba kitu kidogo tu, zile nane ziitwe sayari za kawaida, zile za jadi, ili neno sayari lenyewe libaki kama mwavuli wa makundi yote mawili, kubwa na vibete. Jocelyn Bell Burnell, huyu mama ndo aliyegundua pulsa, zile nyota zinazotuma mapigo ya redio, mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi, alisimama mbele ya ukumbi na mwavuli wa kweli kabisa mkononi akiwaelewesha watu. Wakapiga kura kwa kunyoosha kadi za njano. Likaanguka. Na kwa kuanguka kwake ndo tukapata hii hali ya kushangaza kwamba kwa sheria sayari kibete sio sayari.

Hebu fikiria, Jua letu lenyewe wataalamu wanaliita nyota kibete na hakuna hata mmoja anayesema Jua sio nyota. Galaksi kibete ni galaksi. Wale wa miaka ya 1850 walikuwa na akili ya kuziita asteroidi sayari ndogo na maisha yakaendelea, sisi wa 2006 tukashindwa kitu ambacho babu zao waliweza bila hata mkutano. Na walioamua hawakufika hata asilimia tano ya wanachama, walikuwa kama 424 ukumbini siku ya mwisho ya mkutano, watu wengine wengi wameshapanda ndege, na ambaye hayupo ukumbini hakuwa na namna ya kupiga kura. Linganisha na 2018 walipopigia kura jina la sheria ya Hubble na Lemaître, ile ya kutanuka kwa ulimwengu, kwa mtandao, wakapiga zaidi ya elfu nne. Sisemi kwamba kura ya mtandao 2006 ingeibakiza Pluto kwenye listi, nasema neno ambalo lingeandikwa kwenye vitabu vya watoto dunia nzima lilistahili zaidi ya kadi 424.

Manake madhara yake nayaona. Mtoto anafundishwa sayari nane, afu Pluto inatajwa kwa sentensi moja tu kwamba iliondolewa, Ceres haitajwi kabisa, Eris na vibete wenzake Haumea na Makemake ndo usiseme, yani kuitwa "sio sayari" imekuwa sawa na kuitwa kitu kisicho na maana. Na hii miaka tuliyonayo ndo miaka ambayo tumezijua hizo dunia kuliko wakati wowote! Chombo cha New Horizons kiliruka Januari 2006, miezi saba kabla ya ile kura, kimebeba sehemu ya majivu ya Tombaugh mwenyewe, kikapita Pluto Julai 14, 2015 kwa umbali wa kilomita 12,500 tu. Tulitegemea jiwe lililokufa, tukakuta uwanda wa barafu ya naitrojeni wa upana wa kama kilomita elfu moja hauna hata shimo moja la kugongwa na kimondo, maana yake uso wake ni mpya, barafu inajigeuza taratibu kutoka chini, pembeni kuna milima ya barafu ya maji ina urefu wa kilomita tatu na zaidi, kwenye baridi ya kama nyuzi 230 chini ya sifuri maji yanakuwa magumu kama mwamba. Hewa yake ina ukungu wa rangi ya bluu. Mwaka huohuo wa 2015, Machi, chombo cha Dawn kilifika Ceres kikakuta madoa meupe yanang'aa ndani ya shimo la Occator, ni chumvi iliyoachwa na maji ya chumvi yaliyopanda kutoka chini, na mlima mmoja umesimama peke yake, Ahuna Mons, kama kilomita nne, inaonekana ulijengwa na matope ya barafu yaliyosukumwa juu. Hizo dunia mbili zote kijiolojia zina habari nyingi sana za kusimulia na wanafunzi wetu hawazijui kwa sababu haziko kwenye listi.

Wanajiolojia na wataalamu wa sayari kama Alan Stern, aliyeongoza New Horizons, wao wanaenda mbali zaidi, wanasema angalia kitu chenyewe usiangalie kiko wapi, kikiwa mviringo kwa mvutano wake ni sayari, hata miezi mikubwa iitwe sayari. Na hoja yao ina nguvu kuliko watu wanavyodhani mana Ganymede na Titan zote mbili ni pana kuliko Utaridi, na Titan ina hewa nzito, mvua na maziwa ya methani. Wanauliza pia swali zuri, ukiwa mbali na Jua njia yako ni ndefu na unazunguka polepole, kusafisha kunakuwa kugumu zaidi, kwahiyo kitu kilekile kinaweza kuwa sayari huku na kisiwe sayari kule. Kweli. Mimi naona wote wawili wako sahihi, mwanamizunguko anahitaji kundi lake na mwanajiolojia anahitaji lake, na ndo maana nasema mwavuli ungewatosha wote.

Kuna pengo lingine kubwa ambalo hata wanaoipenda Pluto hawalisemi. Ile kanuni inasema "kizunguke Jua". Jua hili letu. Sasa tangu Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza mwaka 1995 sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, zimepatikana zaidi ya elfu tano kwenye nyota nyingine, na ile kanuni ya Prague haigusi hata moja kati ya hizo. Hata moja! Kila siku tunasoma habari za sayari mpya imegunduliwa na hakuna anayeshtuka kwamba ile maana ya Prague haizigusi.

Hili angalau limeanza kushughulikiwa. Mwaka 2024 Jean-Luc Margot, Brett Gladman na Tony Yang walileta pendekezo la kutumia namba badala ya maneno, kitu kizunguke nyota yoyote, sio Jua tu, na kiwe na uzito unaozidi kilo ambazo ni 1 ikifuatiwa na sifuri 23, kiwango ambacho chochote kinachokifikia kinaweza kutawala njia yake. Wakalipeleka kwenye mkutano mkuu wa IAU Agosti ileile, uliofanyika Cape Town, na nilifurahi sana manake ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika tangu umoja uanzishwe 1919. Pluto haipiti kwenye hiyo namba, Ceres ndo kabisa. Sawa tu, mimi siombi zipite.

Mkutano unaofuata ni Roma, Agosti 2027. Wakilifungua hili jambo, na natamani walifungue, waweke namba ya Margot kwa zile kubwa ili sayari za nyota zote ziingie, wapige kura kwa mtandao wanachama wote washiriki, halafu walirudishe lile azimio la mwavuli lililoanguka Prague neno kwa neno. Na vitabu vyetu vya shule havina haja ya kusubiri Roma, ukurasa mmoja tu unatosha, Ceres, Pluto, Haumea, Makemake na Eris na picha zake zile ambazo zipo, kipenyo chake, nani aliiona na lini, mwalimu aanzie kwa Piazzi usiku ule wa Palermo aone kama kuna mtoto atasinzia.